Kompyuta ya chama ikiwa nzito, piga hesabu kabla ya kununua nyingine

MFUGAJI aliyepeleka maziwa yake mwezi mzima haulizi kompyuta ya chama ni ya aina gani. Anauliza jambo moja tu: fedha zake ziko wapi. Anapoambiwa arudi keshokutwa kwa sababu “mashine inasumbua”, hana njia ya kujua kama kweli mashine imechoka au kuna jambo jingine.

Jibu la swali hilo lina fedha ndani yake. Vyama vingi vya ushirika, SACCOS, wanunuzi wa mazao na maduka ya jumla ya pembejeo hutunza hesabu zao katika seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia kompyuta nyingine zote za ofisi. Ndani yake mna hifadhidata, ambayo ni daftari kubwa lenye majina ya wanachama, kilo au lita walizoleta, mikopo waliyochukua na makato yao. Daftari hilo linapozidi kunenepa, kazi iliyokuwa ikimalizika kwa dakika chache huanza kuchukua saa nzima, kisha siku nzima.

Hapo ndipo viongozi hupelekewa makadirio ya kununua seva mpya, na fedha za kuilipia hutoka kwenye makato ya wanachama wale wale wanaosubiri malipo. Lakini mara nyingi ugonjwa hauko kwenye mashine. Uko kwenye namna mashine inavyoulizwa maswali, na namna daftari lilivyopangwa. Chama kinachonunua mashine mpya bila kutibu ugonjwa huo kinanunua nafuu ya muda tu.

Hasara isiyoonekana kwenye vitabu

Uzito wa seva hauandikwi popote katika taarifa ya mapato na matumizi, lakini una gharama. Mfugaji anahitaji fedha za pumba, dawa ya kuogesha na ada ya shule kwa tarehe inayojulikana. Malipo yakichelewa, maziwa ya kesho yake humuuzia mchuuzi anayelipa taslimu, hata kama bei ni ndogo. Chama kinapungukiwa na lita, ilhali gharama za tangi la kupozea, umeme na mishahara zinabaki pale pale. Kila lita iliyobaki inabeba mzigo mkubwa zaidi.

Kwa mfanyabiashara mdogo hasara ni ya haraka zaidi. Duka la pembejeo lenye kompyuta inayochukua dakika moja kutoa risiti litakuwa na foleni siku ya kwanza ya mvua, na mteja mwenye haraka atavuka barabara kwenda duka la pili.

Saa 44 kwa kazi ya dakika moja

Ili kuona tatizo linavyozaliwa, chukua mfano wa chama chenye wafugaji 8,000, kila mmoja akileta maziwa asubuhi na jioni. Kila mzani unaandika mstari mmoja katika daftari. Hiyo ni mistari 16,000 kwa siku, zaidi ya milioni 5.8 kwa mwaka, na milioni 29 kwa miaka mitano. Kama kila mstari unachukua baiti 100, daftari zima lina karibu gigabaiti 3.

Mwisho wa mwezi programu ya malipo inaanza kazi. Inamchukua mwanachama wa kwanza na kuiuliza seva: huyu ameleta lita ngapi mwezi huu? Mistari inayotakiwa ni 60 tu. Lakini kama daftari halina utaratibu wa kutafutia, seva italazimika kusoma mistari yote milioni 29 ili kuipata hiyo 60. Ni sawa na kutafuta gunia moja la mtu katika ghala lisilo na alama wala namba: unageuza kila gunia.

Diski ya kawaida inayozunguka, ikisoma megabaiti 150 kwa sekunde, itamaliza gigabaiti 3 kwa takriban sekunde 20. Hizo zinaonekana chache. Lakini programu inarudia kazi hiyo kwa mwanachama wa pili, wa tatu, hadi wa 8,000. Sekunde 20 mara 8,000 ni sekunde 160,000, yaani saa 44. Hizo ni karibu siku mbili mchana na usiku, na umeme ukikatika katikati kazi huenda ikaanza upya.

Hesabu hii ni ya kompyuta ya zamani yenye memori ndogo isiyoweza kulishika daftari zima, lakini inaonyesha ni kwa nini mfumo uliokuwa mwepesi mwaka wa kwanza unakuwa mzito mwaka wa tano bila kitu chochote kuharibika. Hakuna kilichovunjika. Ghala limejaa tu, na mtafutaji bado anageuza kila gunia.

Sasa tuseme viongozi wamekubali kununua diski za kisasa za SSD, ambazo hazina sehemu inayozunguka. Zikisoma megabaiti 500 kwa sekunde, daftari litasomwa kwa sekunde 6. Mara 8,000, hiyo ni saa 13 na dakika 20. Ni nafuu kweli, lakini bado ni usiku mzima, na daftari likiongezeka maradufu, usiku huo nao utakuwa siku nzima na zaidi.

Faharasa, dawa isiyo na ankara

Dawa ya kwanza ni faharasa. Ni kama ile iliyo mwishoni mwa kitabu, inayokuelekeza ukurasa bila kukulazimisha kusoma kitabu kizima. Katika hifadhidata, faharasa huorodhesha namba za wanachama na tarehe kwa mpangilio, na kando ya kila moja huonyesha mahali mstari wenyewe ulipo.

Muundo wa faharasa unaotumika zaidi hadi leo ulibuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight walipokuwa wakifanya kazi kampuni ya ndege ya Boeing nchini Marekani, na ukachapishwa mwaka 1972. Siri yake ni matawi mengi. Kama kila ukurasa wa faharasa unaweza kuelekeza kwenye kurasa 200 nyingine, basi hatua tatu zinatosha kufikia mistari milioni 8, na hatua nne zinafikia bilioni 1.6. Kwa hiyo daftari la mistari milioni 29 linahitaji hatua nne tu kumpata mtu yeyote.

Katika mfano wetu, baada ya kuweka faharasa ya namba ya mwanachama na tarehe, seva haitagusa tena mistari milioni 29. Itakwenda moja kwa moja kwenye ile 60. Hata kama kila mmoja uko sehemu tofauti ya diski ya kuzunguka, ambayo inaweza kuruka mahali papya kama mara 80 kwa sekunde, kazi ya mwanachama mmoja itachukua chini ya sekunde moja. Wote 8,000 watamalizika kwa muda usiofika saa mbili, kwa mashine ile ile na diski ile ile. Kuiweka faharasa yenyewe ni amri ya mstari mmoja inayoandikwa na fundi.

Hata hivyo, faharasa si mbolea ya kumwaga bila kipimo. Kila mzani mpya unapoandikwa, seva lazima iandike katika daftari na pia katika kila faharasa. Daftari lenye faharasa kumi linaandika mara kumi na moja kwa kila mfugaji aliyesimama na ndoo yake. Zinazotakiwa ni zile zinazolingana na maswali yanayoulizwa kila siku: namba ya mwanachama, tarehe, namba ya kituo. Zisizotumika ziondolewe.

Uliza mara moja, si mara elfu nane

Dawa ya pili ni kubadili swali lenyewe. Badala ya programu kuuliza mara 8,000, inaweza kuuliza mara moja: nipe jumla ya lita za kila mwanachama kwa mwezi huu. Seva itapita kwenye mistari ya mwezi huo, ambayo ni 480,000, na kutoa majumla yote kwa pamoja. Hata ikilazimika kupitia daftari zima bila faharasa, itapita mara moja tu, kwa zile sekunde 20 za mwanzo na sekunde chache za kujumlisha. Kazi ya saa 44 inaweza kumalizika chini ya dakika moja. Anayetumwa sokoni kununua vitu kumi haendi mara kumi.

Somo hili linazidi kuwa muhimu pale seva inapokuwa mbali. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano ya eneo hili na dunia ilipitia satelaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali kupanda, kushuka, na jibu kurudi kwa njia hiyo hiyo huchukua karibu nusu sekunde. Programu inayouliza maswali madogo 400 kwa njia hiyo itasubiri sekunde 200 hata kama seva yenyewe haina kazi.

Mkongo umepunguza muda huo, lakini haujaufuta. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari ya kilomita 10,000 kwenda na kurudi haiwezi kupungua chini ya sekunde moja ya kumi. Hata huduma kubwa zimewahi kusogeza mitambo karibu na wateja. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwezi Machi 2007, ilikuwa na seva zake Ujerumani hadi mwaka 2015, zilipohamishiwa Kenya pamoja na mfumo mpya wenye uwezo mkubwa zaidi.

Chama kinachokodi seva ya nje kinapaswa kujiuliza maswali mawili: seva iko nchi gani, na kila kitufe kinachobonyezwa na karani kinapeleka maswali mangapi huko?

Memori inayolipiwa bila kutumika

Jambo la tatu ni memori, yaani sehemu ya kompyuta inayoshika data kwa muda ili isisomwe upya kutoka kwenye diski. Memori hujibu kwa kasi inayozidi diski ya kuzunguka kwa maelfu mengi ya mara. Kwa hiyo daftari linalotumika sana likikaa kwenye memori, kazi hubadilika kabisa.

Tatizo ni kwamba programu za hifadhidata huja zikiwa zimepangwa kwa tahadhari, ili ziweze kufanya kazi hata kwenye kompyuta dogo. MySQL na PostgreSQL, mbili zinazotumika sana na zinazopatikana bure, zote kwa kawaida huanza na megabaiti 128 tu za kushikia data. Katika seva yenye gigabaiti 16, hiyo haifiki asilimia moja. Ni kama kujenga ghala la tani 100 na kutumia kona ya tani moja.

Miongozo ya programu hizo inatoa viwango vya kuanzia. Kwa PostgreSQL, robo ya memori ya seva inayofanya kazi hiyo peke yake ni mwanzo mzuri, kwa kuwa sehemu iliyobaki hutumiwa na mfumo wa kompyuta kushikia mafaili. Kwa MySQL inayotumia muundo wake wa InnoDB, seva isiyo na kazi nyingine inaweza kutengewa hadi asilimia 80. Neno “peke yake” ni muhimu. Seva inayotumika pia kuhifadhi barua, picha za mikutano na programu za uhasibu haiwezi kupewa viwango hivyo.

Kwa nini mwisho wa mwezi ndiyo balaa

Wengi hushangaa kwamba seva inayokwenda vizuri tarehe 10 inakwama tarehe 30, wakati kazi haijaongezeka hata mara mbili. Maelezo yako katika hesabu za foleni, ambazo mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, alianza kuzichapisha mwaka 1909 akichunguza simu za mji wa Copenhagen.

Katika umbo lake rahisi, hesabu hiyo inasema hivi. Kama kazi moja inachukua sekunde moja seva ikiwa tupu, itachukua sekunde 2 seva ikiwa na shughuli nusu ya muda wake. Ikifikia asilimia 80, kazi hiyo itachukua sekunde 5. Ikifikia asilimia 90 ni sekunde 10, na asilimia 95 ni sekunde 20. Foleni haipandi ngazi kwa ngazi. Inapanda taratibu kisha inaruka.

Habari njema ni kwamba inashuka vile vile. Chama kinachopunguza mzigo kutoka asilimia 95 hadi 80 kinapunguza kusubiri kutoka sekunde 20 hadi 5. Hilo linaweza kufanyika bila kununua chochote: taarifa za bodi zitolewe usiku, nakala za tahadhari zisichukuliwe wakati wa mizani, na kanda tofauti zilipwe siku tofauti.

Kuna pia tatizo la kufungiana mlango. Mifumo ya zamani ya MySQL iliyojengwa kwa muundo wa MyISAM hufunga jedwali zima mtu mmoja anapoandika, na mwenye kuandika husubiri anayesoma taarifa ndefu. Ndiyo maana mhasibu akitoa ripoti ya mwaka, mizani yote inaweza kuganda. Muundo wa InnoDB, uliofanywa kuwa wa kawaida katika toleo la mwaka 2010, hufunga mstari mmoja mmoja. Chama chenye mfumo wa miaka hiyo kiulize kimebaki na muundo upi.

Aidha, si lazima miaka yote ikae katika daftari moja. Mizani ya miaka iliyopita, ambayo hesabu zake zimefungwa na kukaguliwa, inaweza kuhamishiwa jedwali lake pembeni. Haifutwi, kwa sababu mwanachama ana haki ya kuulizia hisa na malipo yake ya zamani, lakini haimzuii karani wa leo.

Kasi ya hatari

Zipo njia za kuongeza kasi ambazo kiongozi anapaswa kuzikataa. Mojawapo ni kuiruhusu seva iseme “nimeandika” kabla data haijafika kwenye diski. Kasi huongezeka sana, na anayefanya hivyo husifiwa. Lakini umeme ukikatika dakika hiyo, mizani iliyokubaliwa inaweza kupotea, na wakati mwingine daftari zima huharibika. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, hiyo ni kamari inayochezwa na maziwa ya watu.

Vile vile, kabla fundi hajagusa chochote, ichukuliwe nakala ya hifadhidata na ijaribiwe kurudishwa kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni matumaini tu. Marekebisho yajaribiwe kwanza kwenye nakala hiyo, yapimwe, ndipo yaingizwe kwenye mfumo wa kazi.

Maswali ya kumuuliza fundi

Kiongozi wa chama au mwenye duka hahitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta ili kulinda fedha. Anahitaji maswali matano.

Kwanza: ni maswali gani ya programu yanayochukua muda mrefu zaidi? MySQL na PostgreSQL zote zina uwezo wa kuandika orodha ya maswali yanayochelewa, lakini kwa kawaida uwezo huo huja ukiwa umezimwa. Fundi auwashe kwa wiki moja, ikiwemo siku ya malipo. Asiyeweza kuonyesha orodha hiyo bado hajapima, anakisia.

Pili: seva inayajibu maswali hayo kwa njia gani? Ipo amri iitwayo EXPLAIN inayoonyesha kama seva inatumia faharasa au inageuza kila gunia.

Tatu: memori iliyopo ni kiasi gani, na hifadhidata imetengewa kiasi gani?

Nne: nakala ya mwisho ilijaribiwa kurudishwa lini?

Tano: baada ya marekebisho, malipo ya mwezi yatachukua muda gani, na leo yanachukua muda gani? Namba hizo mbili ziandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Majibu yakionyesha kwamba faharasa zipo, maswali yamenyooshwa, mzigo wa mwisho wa mwezi umetawanywa na bado mashine imeelemewa, basi kununua ni halali. Hata hapo kuna mpangilio: memori kwanza kwa sababu ni nafuu, kisha diski za SSD mbili zinazoandika kwa pamoja ili moja ikifa nyingine iendelee, pamoja na betri ya kuilinda seva umeme ukikatika. Seva nzima mpya iwe ya mwisho.

Siku chache za kazi ya fundi anayejua hifadhidata huwa na gharama ndogo kuliko seva mpya, na faida yake haichakai kama chuma. Wanachama wana haki ya kuliuliza jambo hilo katika mkutano mkuu kabla makato hayajapitishwa: je, kabla ya kununua, mmepima?